Linki zinazoingia kwenye tovuti ya biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wenye biashara wa Afrika Mashariki wanaotaka tovuti zao zipande Google. Mifano mingi ni ya utalii, kwa kuwa huko ndiko ushindani wa linki ulikokomaa: kampuni ya Moshi inagombea maneno yaleyale na wakala aliyeko London. Fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, ana kazi nyepesi zaidi, na pale tofauti inapokuwa kubwa tumeitaja.

## Mambo ya msingi

1. Linki inayoingia ni nini, na kwa nini Google inaijali?

Ni linki iliyo kwenye tovuti ya mtu mwingine, inayomleta msomaji kwako. Linki kutoka ukurasa wako mmoja kwenda ukurasa wako mwingine ni ya ndani. Nayo ina kazi yake (swali la 11), lakini siyo inayozungumzwa hapa.

Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado Stanford, walibuni hesabu waliyoiita PageRank na kuichapisha mwaka 1998. Kwa hesabu hiyo, ukurasa hupata uzito kutoka kwa kurasa zinazouelekea, na kila ukurasa hugawa uzito wake kwa linki zote unazotoa. Ndiyo maana linki moja kutoka ukurasa unaoaminika huweza kushinda mia za kurasa zisizojulikana na mtu. Ni sawa na mdhamini wa mkopo: benki inamtazama yeye ni nani, haihesabu sahihi kwenye fomu. Zaidi ya uzito, linki ndiyo njia ambayo roboti wa Google (programu inayozunguka mtandaoni ikisoma kurasa) huitumia kugundua kurasa mpya.

2. Bado zina nguvu siku hizi?

Zina nguvu, ila si kama zamani. Mwaka 2023 Gary Illyes wa Google alisema hadharani kwamba linki hazimo tena kwenye vigezo vitatu vya juu kabisa, na Machi 2024 maelekezo ya Google yaliacha kuziita kigezo "muhimu", yakabaki kusema ni kigezo. Ukurasa usiojibu swali la mtafutaji hauokolewi na linki. Lakini pale kurasa kumi zinapojibu swali vizuri kwa kiwango kilekile, linki ndizo huamua nani akae juu.

3. Nahitaji linki ngapi?

Anayekutajia idadi kabla hajatazama washindani wako anabahatisha. Fungua Google kwenye dirisha la faragha, andika maneno ambayo mteja wako angeandika, kisha chukua matokeo matano ya kwanza ambayo ni biashara kama yako. Acha Wikipedia, magazeti na tovuti kubwa za kuweka nafasi. Weka kila anwani kwenye kifaa cha kukagua linki kama Ahrefs, Moz au Semrush (matoleo ya bure huonyesha sehemu tu, lakini kwa kulinganisha yanatosha), na uandike ni tovuti ngapi tofauti zinazoielekea.

Hesabu tovuti, usihesabu linki. Mshirika akikuweka sehemu ya chini ya kila ukurasa wa tovuti yake yenye kurasa 400, kifaa kitaonyesha linki 400, lakini hiyo bado ni tovuti moja inayokutambua.

Utakachokiona hutofautiana sana. Kwa maneno kama "makabati ya jikoni Dar es Salaam", mara nyingi wanaoongoza wana tovuti chache tu zinazowaelekea, na linki kumi nzuri hubadili mambo. Kwa maneno ya Kiingereza ya kupanda Kilimanjaro, wanaoongoza wamejenga linki kwa miaka mingi. Huko anza na maneno marefu na mahususi, mfano njia fulani katika mwezi fulani, badala ya kupambana na neno kuu.

4. Matokeo huonekana baada ya muda gani?

Roboti lazima kwanza arudi kwenye ukurasa uliokupa linki. Kwenye gazeti kubwa hiyo ni saa au siku. Kwenye blogu isiyoguswa ni wiki kadhaa. Baada ya hapo uzito unaingia kwenye hesabu polepole. Kwa kazi nzima ya kuboresha tovuti, Google yenyewe hutaja miezi minne hadi mwaka. Ukiahidiwa ukurasa wa kwanza ndani ya siku 14, nenda moja kwa moja swali la 16.

5. Linki za Facebook, Instagram na WhatsApp zinahesabika?

Kwa uzito wa moja kwa moja, karibu hazihesabiki. Mitandao mikubwa huzitia alama ya kutozipa uzito (swali la 7), na mazungumzo ya WhatsApp roboti hayaoni kabisa. Faida yake huja kwa kuzunguka: mwenye blogu anaiona posti yako, kisha anakutaja kwenye tovuti yake.

Kosa kubwa hapa ni kuwapa watu linki ya Instagram kila mahali wakati una tovuti. Blogu ikikuandika ikaelekeza Instagram, uzito umekwenda Instagram. Tovuti za bure zina hatari inayofanana na hiyo. Machi 2024 Google ilizima tovuti zote za business.site ilizokuwa ikiwapa wafanyabiashara, na kuanzia Juni mwaka huo anwani hizo hazikumpeleka mteja popote. Aliyekuwa amesambaza anwani hiyo miaka mitano alipoteza kila linki. Nunua domeni yako (jina la anwani ya tovuti), .co.tz au .co.ke au .com, na uhakikishe imeandikishwa kwa jina na barua pepe yako, si ya fundi aliyekutengenezea tovuti.

## Kupima ubora wa linki

6. Linki nzuri inatambulikaje?

Jiulize swali moja kwanza: kama Google isingekuwepo, ungeitaka linki hii? Ikiwa inaweza kukuletea mteja, basi iko sawa. Halafu tazama mambo haya:

- Ukurasa umo Google? Andika `site:` ikifuatwa na anwani kamili ya ukurasa. Ukikosekana, linki yake haina kazi kwa sasa.
- Tovuti inahusu nini? Blogu ya wapanda milima kuielekea kampuni ya Moshi inaeleweka. Tovuti inayoandika leo kamari, kesho meno, keshokutwa safari, ipo kwa ajili ya kuuza linki.
- Linki iko wapi? Ndani ya aya inayokuzungumzia ni bora kuliko kwenye orodha ya chini ya ukurasa.
- Ukurasa una linki ngapi za kwenda nje? Ukiwa na mia mbili, mgawo wako ni mdogo.

Linki kutoka .ac.tz, .go.tz au .go.ke hazina nyongeza maalumu kwa sababu ya herufi zake. Zikionekana na nguvu ni kwa kuwa vyuo na taasisi huelekewa na wengi.

7. Alama za nofollow, sponsored na ugc ni nini?

Ni maneno yanayowekwa ndani ya msimbo wa linki ili kuieleza Google aina yake. `rel="nofollow"` ilianzishwa Januari 2005 kupambana na takataka za kwenye maoni ya blogu. Septemba 2019 Google iliongeza `sponsored` kwa linki zilizolipiwa na `ugc` kwa zilizowekwa na watumiaji, ikasema pia kwamba tangu hapo alama hizi ni dokezo kwake, si amri.

Kuziona, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U, kisha Ctrl+F na uandike domeni yako. Tazama maneno yaliyo karibu na anwani yako. Linki isiyo na alama yoyote ndiyo ya kawaida.

Usizikatae zenye alama. Wikipedia huweka nofollow kwenye linki zake zote za nje, na bado msomaji anaweza kukufikia kupitia hapo. Ila usijiandikie Wikipedia mwenyewe. Wahariri hufuta, na domeni inayong'ang'ania huishia kwenye orodha yao ya kuzuiwa.

8. DR na DA ni alama za Google?

Hapana. Ni makadirio ya nguvu ya linki za tovuti: DR (Domain Rating) ni ya Ahrefs, DA (Domain Authority) ni ya Moz. Kila kampuni hukokotoa kwa data yake, kwa kipimo kinachoishia 100, na Google haizitumii. Google iliwahi kuonyesha alama ya PageRank kwa umma, ikaiondoa mwaka 2016. Kupanda kutoka 10 hadi 20 ni rahisi kuliko kutoka 60 hadi 70, kwa hiyo kumi si sawa na kumi. Zitumie kulinganisha tovuti mbili za fani moja, basi. Alama hizi huweza kuvimbishwa kwa linki za bei rahisi, na wauzaji wa linki wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

9. Maneno yanayobofywa yaweje?

Maneno hayo huieleza Google ukurasa wako unahusu nini, na ndiyo maana watu huyatumia vibaya. Linki za asili huja zikiwa na jina la biashara, anwani tupu ya tovuti, au vipande vya sentensi kama "orodha hii ya bei". Tovuti ishirini zikikuelekea zote kwa maneno "kampuni bora ya safari Tanzania", hiyo ni saini ya mtu mmoja aliyelipwa. Mtu akikuuliza aandike nini, mpe jina la biashara. Maneno unayotaka kushika yaweke kwenye kichwa cha ukurasa wako na kwenye linki zako za ndani, ambako una uhuru zaidi.

## Kuzipata

10. Nianzie wapi?

Anza na linki ulizokwisha kuzipata bila kujua. Wengi hurukia kuomba mpya huku za zamani zikivuja.

Kwanza, sajili tovuti kwenye Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, ni bure. Umiliki unathibitishwa kwa kuongeza rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yako. Baada ya siku chache fungua ripoti ya "Links" na upakue orodha ya tovuti zinazokuelekea na ya kurasa zako zinazoelekewa. Orodha hiyo ni sampuli, haina kila kitu.

Pili, bofya kurasa zako zinazoelekewa mojamoja. Baadhi zitakuambia 404 (ukurasa haupo), kwa sababu tovuti ilitengenezwa upya na anwani zikabadilika. Kila anwani iliyokufa iwekee uelekezaji wa 301 (unaompeleka mgeni kwenye anwani mpya moja kwa moja na kwa kudumu) kwenda ukurasa unaofanana nayo. Usizitupe zote kwenye ukurasa wa mwanzo, kwani Google huzichukulia kama kurasa zisizopo. Kazi hii huchukua mchana mmoja, na mara nyingi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Tatu, hakikisha http, https, www na isiyo na www zote zinaishia kwenye anwani moja.

Nne, tafuta waliokutaja bila linki. Andika Google `"Jina la Biashara" -site:mfano.co.tz`. Utakuta gazeti lililoandika habari ya uzinduzi wako, chuo kilicholeta wanafunzi wa mafunzo, mgeni aliyeandika safari yake. Hawa wanakujua tayari. Ombi fupi la kuongeza linki hukubaliwa mara nyingi kuliko ombi lolote kwa mgeni kabisa.

Tano, kaa chini uandike unaofanya nao biashara: unakonunua mali kwa jumla, chapa unazouza, hoteli unazopeleka wageni, benki iliyokuhoji kama mteja wake, shule uliyoifadhili. Muuzaji wa sola ambaye ni wakala rasmi wa chapa fulani aangalie kama tovuti ya mtengenezaji ina ukurasa wa "wapi pa kununua". Kama upo na hayumo, hiyo ni barua pepe moja tu.

11. Ukurasa wa aina gani hupata linki wenyewe?

Ukurasa wa "Huduma zetu" hauelekewi na mtu. Linki huenda kwenye kitu ambacho mwandishi mwingine anakihitaji ili kazi yake ikamilike, hasa namba zinazobadilika na ambazo hakuna anayezitunza vizuri.

Mfano mzuri ni ada za hifadhi za Tanzania. Viwango hutangazwa kufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na blogu nyingi hubaki na namba za miaka iliyopita. Kampuni yenye ukurasa mmoja unaoonyesha ada ya kiingilio, kambi, uokoaji na VAT ya asilimia 18, kila moja kwenye mstari wake, kwa raia, mkazi na mgeni, na tarehe ya mara ya mwisho kusahihishwa, itatajwa na waandishi wa safari wasioijua hata kwa jina. Sharti ni kuusahihisha mapema Julai. Ukiuacha uzeeke, waliokuelekea watahamia kwa mwingine.

Nje ya utalii: duka la vifaa vya ujenzi linaweza kutunza bei ya saruji na nondo kwa mwezi, muuzaji wa sola aweke kikokotoo cha paneli na betri zinazotosha friji, taa na televisheni, kampuni ya mizigo ieleze hatua za kutoa kontena bandarini na nyaraka za kila hatua. Picha halisi za mahali ambapo pana picha chache mtandaoni pia huombwa. Ruhusu zitumike kwa masharti ya kutaja tovuti yako.

Anwani ya ukurasa isiwe na mwaka. `/ada-kilimanjaro` itakusanya linki miaka kumi. `/ada-kilimanjaro-2024` utalazimika kuianza upya kila mara.

Halafu jambo linalosahaulika: ukurasa huu ndio unaopokea uzito, lakini mauzo yako kwenye ukurasa mwingine. Weka ndani ya maelezo linki mbili au tatu za kwenda kwenye kurasa za kuuza, kwa maneno yanayoeleweka. Bila hizo umejenga tangi bila bomba.

12. Vyama na saraka zipi zina maana?

Zile ambazo lazima ustahili ili uingie. Kwa utalii ni vyama vya kampuni za safari kama TATO Tanzania na KATO Kenya. Kwa wapandishaji Kilimanjaro kuna KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi, ambao huorodhesha kampuni zinazotimiza vigezo vyake vya malipo na matunzo ya wapagazi. Kwa biashara nyingine kuna vyama vya wafanyabiashara, TCCIA Tanzania na KNCCI Kenya. Uanachama una ada, kwa hiyo usijiunge kwa ajili ya linki peke yake. Lakini kama tayari ni mwanachama, hakikisha ukurasa wako huko una anwani sahihi ya tovuti. Wengi wameacha ya zamani.

Wasifu wa Google wa biashara ni wa lazima kwa yeyote mwenye duka au ofisi. Jina, mahali na simu viandikwe namna ileile kila mahali. Chagua ama +255 au 0 mwanzoni, usichanganye.

Saraka zinazoorodhesha biashara zote za dunia bila kumkagua mtu, ziache.

13. Barua ya kuomba linki iandikwe vipi?

Iwe fupi, itumwe kwa mtu na si kwa "info@" ikiwezekana, itoke kwenye barua pepe ya domeni yako (ikiwa na SPF na DKIM, rekodi za domeni zinazothibitisha mtumaji, la sivyo itaishia kwenye taka), na itaje kitu kimoja kwenye tovuti yake kinachoonyesha umeisoma. Mfano, kampuni ya safari ikiiandikia loji:

> Ndugu Meneja, habari za kazi.
>
> Sisi ni kampuni ya safari ya Arusha, na tumekuwa tukiwaletea wageni hapo kwenu. Ukurasa wenu wa "Namna ya kufika" bado unaonyesha usafiri wa zamani kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Tuna ukurasa wenye umbali, muda na nauli kutoka KIA na Arusha, tunaousahihisha kila bei inapobadilika: (anwani).
>
> Mkiona unawafaa wageni wenu, tutashukuru mkiuweka pale. Na kama tumekosea lolote kuhusu loji yenu, tuambieni turekebishe leo.
>
> Wenu, (jina, cheo, simu)

Kumbusha mara moja baada ya wiki moja hivi, kisha acha. Kwa washirika wa hapa nyumbani, simu au ujumbe wa WhatsApp baada ya salamu za kawaida hufanya kazi kuliko barua pepe tatu. Mawakala wa ng'ambo wao hupendelea barua pepe.

Kinachoharibu maombi mengi ni kuandika barua moja kwa watu 500. Mwenye tovuti anaitambua kwenye mstari wa kwanza.

14. Kuandika makala kwenye blogu ya mwingine kunaruhusiwa?

Kunaruhusiwa kama makala ina faida kwa wasomaji wake na linki ni ya kumtambulisha mwandishi au kuthibitisha jambo. Kinachokatazwa ni kuzalisha makala kwa wingi kwa ajili ya kupandikiza linki zenye maneno ya kuuza. Dalili za blogu ya kuepuka: ina ukurasa wa bei za "makala ya mgeni", inakubali mada yoyote, na waandishi wake hawana sura wala historia.

15. Kubadilishana linki je?

Hoteli ya Mji Mkongwe na kituo cha kuzamia cha Nungwi kutajana ni kawaida, wana wageni walewale. Google inalalamikia kubadilishana kupita kiasi: kurasa za "washirika" zenye majina themanini yasiyohusiana, au mizunguko ya A kumpa B, B kumpa C, C kumpa A ili isionekane. Kipimo cha swali la 6 kinatosha hapa.

## Yanayoharibika

16. Nimeletewa ofa ya linki 1,000 kwa dola 50. Ni mbaya kiasi gani?

Utakachopata ni maoni kwenye blogu zilizotelekezwa, wasifu wa bandia kwenye majukwaa, na makala zilizoandikwa na mashine kwenye mitandao ya tovuti zinazomilikiwa na mtu mmoja. Zamani zilipandisha tovuti kwa muda. Aprili 2012 Google ilitoa algoriti iliyoitwa Penguin iliyoshusha tovuti za namna hiyo, na Septemba 2016 ikaiunganisha kwenye mfumo wake mkuu, safari hii ikizipuuza linki hizo badala ya kuishusha tovuti nzima. Tangu Desemba 2022 mfumo wake wa SpamBrain pia hutambua tovuti zinazonunua na zinazouza linki.

Kwa hiyo matokeo ya kawaida leo ni kutoona chochote: pesa imekwenda, nafasi iko palepale. Matokeo mabaya zaidi ni adhabu inayotolewa na mkaguzi wa Google (swali la 18), na ukubwa wa kampuni haukingi. Februari 2011 New York Times ilifichua maelfu ya linki za kulipiwa zilizoielekea J.C. Penney ya Marekani, na duka hilo likashushwa. Februari 2013 Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilitoweka Google hata kwa jina lake lenyewe, baada ya makala za matangazo zenye linki kuenea kwenye magazeti ya mikoani.

17. Basi kulipia ni kosa siku zote?

Hapana. Kununua tangazo ni halali. Linki yake iwekewe `sponsored` au `nofollow`. Kufadhili timu ya mtaa au mashindano ya shule kisha wakaweka nembo yako, vivyo hivyo. Kosa ni kulipa pesa, bidhaa au safari ya bure kwa sharti la linki inayopitisha uzito. Safari za bure za wanablogu ndizo zinazowaponza wengi kwenye utalii: mkaribishe, lakini mwambie aseme wazi kuwa alikaribishwa na aweke alama.

18. Nimepata adhabu. Nifanye nini?

Fungua "Manual actions" kwenye Search Console. Kama pameandikwa kuwa hakuna tatizo, hujaadhibiwa. Kushuka kwako kuna sababu nyingine, na uanze na swali la 20.

Kama kuna adhabu ya linki zisizo za asili, pakua linki zote, panga kwa tovuti, tia alama zilizonunuliwa. Waandikie wenye tovuti waziondoe au waweke nofollow, na uhifadhi nakala za barua. Zinazobaki zikane, yaani uiombe Google isizihesabu, kwa faili la maandishi la .txt katika UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), mstari mmoja kwa kila tovuti au ukurasa:

```
# zilinunuliwa kupitia wakala, wenyewe hawakujibu
domain:tovuti-fulani.example
https://blogu-nyingine.example/ukurasa-huu
```

Faili lisizidi MB 2 wala mistari 100,000. Chombo cha Google cha kulipakia hakikubali usajili wa domeni nzima wa Search Console. Ongeza usajili wa anwani yenye https kwanza. Ukimaliza tuma ombi la kuangaliwa upya, ueleze kilichotokea bila kuficha na ulichofanya kukisafisha. Jibu huchukua siku kadhaa hadi wiki.

Maombi mengi hukataliwa kwa sababu mwenye tovuti ameondoa nusu na kubakiza zile "zenye nguvu".

19. Linki za kamari na tovuti za Kirusi zimejaa kwangu, nami sikuziweka. Nizikane?

Karibu kila tovuti inazo. Google inazipuuza, nawe zipuuze. Chombo cha kukana ni kwa mwenye adhabu, au anayejua kwamba alinunua na anaiogopa. Ukikitumia kwa pupa utakana na linki nzuri pia, na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya. Ila kama linki hizo zinaelekea kurasa za kamari *ndani ya* tovuti yako ambazo hukuziandika, umedukuliwa: badilisha nywila zote, sasisha WordPress na programu-jalizi zake, na futa kurasa hizo.

20. Tulitengeneza tovuti upya, tukashuka. Linki zilikwenda wapi?

Zimebaki zikielekea anwani za zamani. Kabla ya kuhama, andika jedwali la safu mbili, anwani ya zamani na mpya, na kila moja iwe na 301 ya moja kwa moja, bila mnyororo wa kupita anwani tatu. Kama umechelewa, fanya hatua ya pili ya swali la 10. Mkibadili domeni, tumieni pia chombo cha kubadili anwani kilichomo Search Console, muiache domeni ya zamani ikielekeza kwa mwaka mmoja au zaidi, na muendelee kuilipia hata baada ya hapo. Ikiachwa, mwingine ataichukua pamoja na linki zenu.

21. Nami nikinunua domeni ya zamani yenye linki?

Tangu Machi 2024 sera za Google zinataja wazi kosa la kununua domeni iliyokwisha muda ili kutumia sifa zake kwa maudhui yasiyohusiana nayo. Kununua biashara ya mshindani pamoja na tovuti yake, kisha kuelekeza kila ukurasa kwa unaofanana nao, ni jambo tofauti na linakubalika.

## Hali za pembeni

22. Tovuti ina Kiswahili na Kiingereza. Linki za upande mmoja zinasaidia mwingine?

Haziunganishwi zenyewe. Alama za hreflang huiambia Google ni toleo gani limwonyeshwe nani, hazimimini uzito. Kinachosaidia ni kuwa kwenye domeni moja, `/sw/` na `/en/`, na kila ukurasa kuwa na linki ya kwenda mwenzake. Kwa Kiswahili ushindani ni mdogo, hivyo ukurasa wa Kiswahili huweza kupanda kwa linki chache sana.

23. Tuna ofisi Nairobi na Arusha. Domeni mbili?

Mkiweza, moja yenye sehemu mbili. Domeni mbili maana yake ni kujenga linki mara mbili. Ubaguzi ni pale bei, sarafu na sheria zinapotofautiana sana, na kuna mtu wa kuitunza kila tovuti.

24. Nikiajiri wakala, nimuulize nini?

Mwombe anwani tatu za linki alizopata mwezi uliopita kwa wateja wengine, uzipime kwa swali la 6. Akisema ni siri, ahsante, umemaliza naye. Kwenye mkataba andika: orodha ya kila linki kila mwezi ikiwa na anwani ya ukurasa; marufuku ya kununua bila idhini yako ya maandishi; Search Console na domeni kubaki kwa jina lako, yeye akiwa mtumiaji tu; na kwamba linki hazitaondolewa mkataba ukiisha. Kifungu hicho cha mwisho ndicho humfichua anayekupangisha linki kwenye mtandao wake mwenyewe, kwa sababu hatakubali kukisaini.